Asilimia 98 kwa sokwe, asilimia 50 kwa dada: vinasaba vya ndugu huhesabiwaje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi Gombe kwa boti kutoka Kibirizi, na mtembeza wageni akatuambia kwamba binadamu na sokwe wanachangia zaidi ya asilimia 98 ya vinasaba. Juzi nimesoma kwamba mimi na dada yangu wa baba mmoja na mama mmoja tunachangia asilimia 50 tu, nikachanganyikiwa. Lakini sababu hasa ya kuandika ni nyingine. Baba yetu alifanya kazi Tabora kwa miaka mingi kabla ya kurudi Ujiji. Amefariki, na baada ya arobaini amejitokeza kijana wa miaka 30 na kitu kutoka Tabora, akisema ni mtoto wa marehemu. Anafanana na baba, hilo hatukatai. Ila wapo wazee wanaonong'ona kwamba baba mdogo naye aliishi Tabora miaka ileile. Sisi tuko watatu: mimi, dada yangu na mdogo wetu wa kiume. Je, vipimo vinaweza kusema kama huyu ni mtoto wa baba au wa baba mdogo?

JIBU: Mwalimu, pole kwa msiba, na asante kwa kuuliza maswali mawili ambayo kwa kweli yana mzizi mmoja. Sokwe wa Gombe na kijana wa Tabora wanakutana katika neno "kuchangia", ambalo sisi tunaoshughulika na vinasaba tumelitumia kwa maana mbili bila kuwaambia watu kwamba tumebadilisha mizani. Nitaanza na sokwe, kwa sababu jibu lake ni fupi, kisha nitakaa zaidi kwa kijana, kwa sababu hapo ndipo jibu la haraka linapoweza kuvunja nyumba.

Vinasaba vya binadamu ni mfuatano wa herufi nne za kikemia, jumla yake takribani bilioni 3 katika seti moja, na kila mmoja wetu ana seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mfuatano wa sokwe ulipochapishwa mwaka 2005 uliwekwa kando ya ule wa binadamu, herufi kwa herufi, na katika sehemu zinazoweza kulinganishwa ilionekana tofauti ya herufi mojamoja ya asilimia 1.2 hivi. Ndiyo asilimia 98 na ushei uliyoisikia Gombe. Ukihesabu pia vipande vilivyoongezeka upande mmoja au kupotea upande wa pili, tofauti inafika kama asilimia 4, lakini mtembeza wageni wenu hakukosea. Alitumia hesabu iliyozoeleka. Sasa, kwa mizani hiyohiyo, wewe na dada yako hamko kwenye asilimia 50 hata kidogo. Watu wawili wowote, hata wewe na mkata tiketi wa Kibirizi usiyemjua jina, mnafanana kwa takribani asilimia 99.9, na wewe na dada yako mko juu zaidi ya hapo.

Asilimia 50 ni ya mizani nyingine. Mizani hiyo haijali sana kama herufi zinafanana; inauliza zimetoka wapi. Watu wawili wanaweza kuvaa kitenge cha chapa moja huku kila mmoja akiwa amenunua duka lake na mwaka wake, na watu wengine wawili wakavaa nguo zilizokatwa kutoka jora moja sebuleni kwa bibi yao. Ukiwatazama kwa mbali, wote wamevaa sare. Mizani ya sokwe inahesabu chapa. Mizani ya ndugu inahesabu jora. Tunaposema wewe na dada yako mnachangia nusu, tunamaanisha kwamba karibu nusu ya vinasaba vyenu ni nakala za kipande kilekile alichokuwa nacho mama au baba, si kwamba nusu nyingine haifanani.

Nikae kidogo kwenye kitambaa, maana ndicho kilichowahi kunisaidia zaidi kulieleza jambo hili, tangu siku niliyoketi kwa fundi mmoja pale Mwanga nikisubiri suruali yangu na kumwona akitengeneza kitambaa kimoja kutokana na vitenge viwili. Alivitandaza mezani, chapa ya samaki juu ya chapa ya majani, akavikata vyote kwa mkasi mahali pawili, kisha akashona kipande cha samaki, kikafuata cha majani, kikafuata cha samaki tena. Alichomkabidhi mteja kilikuwa na urefu uleule wa kitenge kimoja. Masalio, yaani majani, samaki na majani, aliyasukuma pembeni kwa mguu. Yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa mwilini, kinachofanyika kinakaribiana sana na hicho. Mama yako alikuwa na jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi ndefu zinazobeba vinasaba, na katika kila jozi moja ilitoka kwa baba yake na nyingine kwa mama yake. Kabla ya kukupa wewe, mwili wake ulizilaza kila jozi pamoja, ukakata na kuunganisha kwa kupishana, ukatoa kromosomu moja mpya yenye viraka vya babu na vya bibi yako. Kwa jozi zote kwa pamoja, mama hukata kwa wastani mara 40 na kitu, na baba mara 26 au 27. Zamu ya dada yako ilipofika, mkasi ulipita upya, mahali pengine, na huenda ulianza na majani badala ya samaki.

Kutokana na hapo utaona kwa nini mzazi na mtoto ndio pekee ambao nusu yao si wastani bali ni nusu yenyewe: kila mtoto hupokea kitambaa kimoja kutoka kila jozi ya mzazi, hapungukiwi wala hazidishiwi. Baada ya ngazi hiyo kila namba unayoisoma ni wastani, na bahati huingia mkono. Hata mjukuu hapati robo kamili kwa kila babu na bibi. Anaweza kupata asilimia 28 kwa mmoja na 22 kwa mwingine, mradi babu na bibi wa upande mmoja wajumlike kuwa nusu.

Kwa ndugu wa tumbo moja hesabu huenda hivi. Katika kila sehemu ya vinasaba, mama alikuwa na vipande viwili vya kuchagua na baba viwili. Katika robo ya sehemu zote, wewe na dada yako mmepata kipande kilekile pande zote mbili. Katika nusu mmelingana upande mmoja tu, wa mama au wa baba. Na katika robo inayobaki hamkulingana upande wowote. Hiyo robo ya mwisho huwashangaza watu: ipo sehemu kubwa ya vinasaba vyako ambayo dada yako, mliyelala naye kitanda kimoja utotoni, hana hata uzi wa jora lilelile.

Jana usiku, kabla ya kuandika jibu hili, nilirusha sarafu mezani mara 22 kwa kila "mtoto", kana kwamba kromosomu 22 za kawaida (zisizo X wala Y) za mzazi mmoja zinatolewa nzimanzima bila mkasi kupita. Watoto wawili wa kwanza walilingana mara 14 kati ya 22, wawili waliofuata mara 8. Hiyo ni asilimia 64 na asilimia 36, ilhali sarafu ni ileile na wastani unaotarajiwa ni nusu. Mkasi wa mwilini hupunguza misukosuko ya namna hiyo, kwa sababu vipande vikiwa vingi na vidogo zaidi, bahati nzuri ya hapa hufidiwa na bahati mbaya ya pale, lakini hauiondoi. Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2006 walipima zaidi ya jozi 4,000 za ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wastani ulikuwa karibu kabisa na 50, lakini jozi iliyochangia kidogo zaidi ilikuwa na asilimia 37 hivi, na iliyochangia zaidi ilifika 62 hivi. Wote walikuwa ndugu halali, hakuna aliyekuwa "nusu".

Ngazi nyingine nitazipitia kwa haraka. Mapacha wa yai moja huchangia zote; Kulwa na Doto wa mayai mawili ni ndugu wa kawaida waliokodi chumba kimoja miezi tisa. Mjukuu ana asilimia 25 kutoka kwa babu yake, kitukuu 12.5, kilembwe 6.25, zote zikiwa wastani. Ndugu wa kuchangia baba tu, au mama tu, wana 25. Watoto wa ndugu wawili huchangia 12.5, wajukuu wa ndugu wawili kama 3, na vitukuu wa ndugu wawili chini ya 1. Katika ngazi hiyo ya vitukuu, takribani jozi moja kati ya kumi haichangii kipande chochote kinachoweza kuonekana maabara, ingawa ukoo wao ni wa kweli na wazee wanaweza kuwatajia jina la babu mmoja. Kukosa vinasaba vya pamoja na ndugu wa mbali hakumfanyi mtu kuwa si ndugu.

Hapa lugha yetu na maabara zinaachana njia, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujajaza fomu yoyote. Sisi tunamwita ndugu wa kiume wa baba "baba", mkubwa au mdogo, na watoto wake tunawaita kaka na dada, ilhali ndugu wa kiume wa mama ni mjomba na watoto wake ni mabinamu. Katika vinasaba vya kawaida, baba mdogo, mjomba, shangazi na mama mkubwa wote ni asilimia 25, na watoto wao wote ni 12.5. Ila nisiseme kwamba lugha imekosea, kwa sababu iko sehemu mbili ndogo za vinasaba zinazofuata ukoo karibu kama tunavyoufuata sisi. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume bila kuchanganywa karibu yote, kwa hiyo mtoto wa kiume wa baba mdogo ana Y ya ukoo wenu wa kuumeni, na mtoto wa mjomba hana. Vinasaba vya mitokondria, yaani vile vilivyomo kwenye vijisehemu vinavyozalisha nishati ndani ya seli, vyenye herufi 16,569 tu, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, kwa hiyo watoto wa mama mdogo wana vya kwenu vya kukeni, na watoto wa shangazi hawana.

Sasa kijana wa Tabora.

Akiwa mtoto wa baba yako, kwenu ninyi watatu ni ndugu wa kuchangia baba, asilimia 25. Akiwa mtoto wa baba mdogo, ni asilimia 12.5. Kwenye karatasi namba hizo ziko mbali, moja ni mara mbili ya nyingine, na ndiyo maana watu hufikiri kipimo kimoja kati yako na yeye kingemaliza maneno. Lakini umeshaona sarafu zangu. Ndugu wa kuchangia mzazi mmoja kwa kawaida huangukia kati ya asilimia 17 na 34 hivi, na watoto wa ndugu wawili kati ya 6 na 20 hivi. Ukipata 27, umeshajua. Ukipata 9, umeshajua vilevile. Ukipata 18, umenunua ugomvi mpya kwa pesa yako mwenyewe, kwa sababu namba hiyo inaweza kuwa ya kaka mwenye bahati ndogo au ya mtoto wa baba mdogo mwenye bahati kubwa.

Kuna mtu atakayewashauri mpime kromosomu Y ya kijana na ya mdogo wenu wa kiume, na zikilingana mambo yaishe. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mdogo wenu alipata Y kwa baba, baba aliipata kwa babu, na babu huyohuyo alimpa baba mdogo. Kijana akiwa wa baba au wa baba mdogo, Y yake itakuwa ileile, na itakuwa ileile hata akiwa wa mwanamume mwingine yeyote wa ukoo wenu wa kuumeni aliyepita Tabora miaka hiyo. Faida ya kipimo hicho ni ya kukataa: Y zikiwa tofauti kabisa, kijana hawezi kuwa wa baba wala wa baba mdogo, na mnong'ono wa wazee unakufa siku hiyo. Zikilingana, mmethibitisha ukoo bila kumthibitisha baba. Angekuwa binti tungekuwa na njia nyingine, kwa sababu mwanamume humpa kila binti yake kromosomu X yake yote bila kuikata, hivyo mabinti wa baba mmoja huchangia X nzima, kutoka ncha hadi ncha, jambo ambalo mtoto wa baba mdogo hawezi kuwa nalo isipokuwa kwa bahati adimu. Kwa mvulana njia hiyo imefungwa. X yake yote ni ya mama yake.

Kufanana kwa sura nako hakutusaidii, kwa sababu anayefanana na baba hufanana na ndugu wa baba. Swali lenu si kama kijana ana damu ya ukoo, bali ni ya nani kati ya wanaume wawili walionyonya ziwa moja.

Mtu wa kupimwa kwanza, basi, ni baba mdogo mwenyewe, kama yu hai na yu radhi. Tazama namba zinavyopanuka: akiwa ndiye baba, yeye na kijana wanachangia asilimia 50, ile nusu isiyo na bahati ndani yake, akiwa si baba bali ni baba mdogo kweli, wanachangia kama 25, na hata bahati ikimpendelea kijana kiasi gani hawezi kufika 50. Hakuna sehemu ambapo makundi hayo mawili yanaingiliana. Pale ambapo kipimo chako wewe kingeweza kutoa jibu la ukungu, chake kitatoa ndiyo au hapana. Najua kumwendea mzee na ombi kama hilo ni kazi kubwa kuliko maabara yote, na pengine ni busara aende mzee mwenzake badala ya mtoto wa marehemu. Lakini kama wazee wananong'ona, basi yeye ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kupimwa.

Kabla ya hapo nina swali ambalo hukulijibu katika barua yako: huyo ni baba mdogo yupi? Kwetu, mtoto wa kiume wa baba mkubwa wa baba yako naye ni baba mdogo, na unamsalimia vilevile na kukaa naye vilevile. Kwa maabara huyo ni mtu mwingine kabisa. Kama yeye na baba yako walikuwa baba mmoja na mama mmoja, hesabu zangu za hapo juu zinasimama. Kama walichangia baba tu, watoto wa baba mdogo kwenu ni asilimia 6.25, na tofauti yao na kaka yenu inakuwa rahisi zaidi kuonekana. Kama walichangia mama tu, kromosomu Y zao ni tofauti, na kile kipimo cha Y nilichokipuuza kinageuka kuwa jibu kamili. Na kama walikuwa watoto wa ndugu wawili, kijana akiwa wa baba mdogo mtachangia naye kama asilimia 3, ambayo haiwezi kuchanganywa na 25. Ongeza pia swali la mama yake kijana: kama naye ana undugu na upande wa mama yenu au wa baba yenu, asilimia zote zitapanda, na mpimaji lazima ajue mapema.

Lipo jambo la kiufundi ambalo huwapotosha hata waliosoma. Asilimia unazozisoma mtandaoni hutoka kwenye vipimo vinavyotazama sehemu laki kadhaa za vinasaba kwa mara moja. Vipimo vya kawaida vya uzazi, vinavyotumika mahakamani duniani kote, hutazama sehemu chache zilizochaguliwa kwa sababu hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa kawaida kati ya 15 na 24. Kwa swali la "huyu ni baba au si baba" sehemu hizo zinatosha sana, kwa sababu mtoto lazima alingane na baba yake katika kila moja, isipokuwa pale penye badiliko la nadra la kinasaba. Baba mdogo asiye baba atakosa kulingana katika kadhaa. Kwa swali la "huyu ni ndugu wa kuchangia baba au ni mtoto wa baba mdogo" sehemu 20 ni chache mno, na majibu yake mara nyingi huwa ya kukisia. Ni sababu nyingine ya kumtanguliza mzee.

Kama mzee hayupo au hataki, msikate tamaa, maana mko watatu. Mtoto mmoja hubeba nusu ya vinasaba vya baba yake. Watoto wawili kwa pamoja hubeba kwa wastani asilimia 75, kwa sababu wa pili huleta nusu ya kile ambacho wa kwanza hakupata, na watatu hufika 87.5. Baba yenu amezikwa, lakini sehemu kubwa ya maandishi yake mnayo ninyi watatu, kila mmoja na kurasa zake. Mkipimwa wote watatu kwa kipimo cha sehemu nyingi, na kijana akalinganishwa na ninyi kwa pamoja badala ya mmojammoja, lile eneo la ukungu la asilimia 18 hupungua sana. Mama yenu akikubali kupimwa pia, mpimaji ataweza kuyatenga yaliyotoka kwake na kubaki na ya baba. Watu hufikiri mama wa ndoa hahusiki na kesi ya mtoto wa nje; kwenye hesabu, anahusika sana.

Nina tahadhari moja ambayo sitaizunguka. Mkiingia watatu maabara kumpima wa nne, mnajipima na ninyi. Imewahi kutokea, si mara moja, familia ikaenda kumkataa mgeni na ikarudi na swali juu ya mmoja wa wenyeji. Hata kule Gombe, ambako watafiti walikwishawajua mama wa sokwe wengi kwa kuwafuatilia miaka mingi, vinasaba vilivyotolewa kwenye kinyesi na manyoya vilihitajika ili kujua nani ni baba wa nani, na macho ya watafiti peke yake yasingetosha. Kaeni kwanza ninyi watatu, mkubaliane mtafanya nini na jibu lolote, likiwemo msilolitarajia. Kama hamuwezi kukubaliana juu ya hilo, heri msipime.

Hapa nchini vipimo hivi vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na maabara inayohusika ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli hazichukuliwi kienyeji. Ombi hupitia kwa mamlaka inayotambuliwa, kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii, na anayepimwa huchukuliwa sampuli mbele ya mtu aliyeidhinishwa, mara nyingi kwa kijiti chenye pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu. Nywele za kwenye kitana cha marehemu au kikombe alichonywea kijana akija kuwasalimia havitawafikisha popote kisheria. Kuhusu mirathi, yaani kama mtoto wa nje anarithi na anarithi kiasi gani, jibu liko kwenye sheria na dini mnayoifuata. Vinasaba hutaja mzazi, havigawi nyumba.

Jibu likija, kama ni la baba mdogo na kijana, mtakuta asilimia ya tatu ambayo si ya sokwe wala ya dada, kitu kama 99.99. Haina maana kwamba wanachangia vinasaba kwa kiasi hicho. Ni uwezekano: mpimaji amelinganisha uzito wa ushahidi kama mtu huyu ndiye baba, na uzito wake kama baba ni mwanamume mwingine asiye na undugu naye. Maneno hayo ya mwisho yaangalieni sana katika kesi yenu, kwa sababu mwanamume mwingine mnayemfikiria ni ndugu yake, na ndugu hulingana kwa mengi. Mwombeni mpimaji afanye hesabu akijua kwamba mshindani ni ndugu wa damu. Na kwenye ombi lenu msiandike "baba mdogo" peke yake. Andikeni kwa urefu, hata kama fomu ina nafasi finyu: mdogo wa marehemu, baba mmoja, mama mmoja, kama ndivyo ilivyo.